Fedha ya Umma na Dhamiri ya Mwamini: Funzo la Escrow Ambalo Bado Hatujalimaliza



Kila mwaka ifikapo mwezi Aprili, mji wetu wa Dodoma hubadilika sura. Nyumba za wageni hujaa, magari ya waheshimiwa huongezeka barabarani, na macho ya Taifa zima huelekezwa bungeni kwa ajili ya Mkutano wa Bajeti. Ni katika majira hayo pia ambapo taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilishwa mbele ya wawakilishi wa wananchi. Kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba, Mkaguzi hukabidhi taarifa zake kwa Rais, naye Rais huagiza ziwasilishwe bungeni kabla ya kupita siku saba tangu mkutano husika uanze. Kwa wiki mbili tatu kila mtu huzungumzia mabilioni yaliyopotea. Kisha mvua za mwisho hukatika, uwele na mtama huanza kukauka mashambani, nasi tunarudi kwenye shughuli zetu hadi Aprili nyingine.

Sisi waamini wa nyanda hizi za kati tuna nafasi ya pekee katika jambo hili. Wenzetu wa Kigoma au Mtwara hulisikia Bunge redioni. Sisi tunaishi nalo uzio kwa uzio. Jumapili tunaketi benchi moja na wabunge, watumishi wa wizara na wakaguzi wa hesabu. Tunapokea Komunyo Takatifu katika safu moja. Kwa sababu hiyo hatuwezi kuuzungumzia ufisadi wa wanasiasa kana kwamba ni habari ya nchi ya mbali. Katika tafakari hii tunapenda kurejea sakata moja lililojadiliwa hapa hapa Dodoma, tuone lilianzaje, liliishaje, na kwa nini linaigusa dhamiri ya kila mmoja wetu, kuanzia aliye bungeni hadi aliye katika jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo kijijini.

Novemba 2014: mwezi wa furaha na wa aibu

Tarehe 6 Novemba 2014, Baba Mtakatifu Francisko aliipandisha Dodoma hadhi kuwa Jimbo Kuu, likiwa na majimbo ya Singida na Kondoa chini yake. Tulifurahi na kumshukuru Mungu. Wiki tatu tu baadaye, katika mji huo huo, Bunge lilikaa kujadili taarifa ya Kamati ya Hesabu za Serikali kuhusu fedha za Akaunti ya Tegeta Escrow. Kamati hiyo iliongozwa na Zitto Kabwe akiwa Mwenyekiti, na marehemu Deo Filikunjombe, Mbunge wa Ludewa, akiwa Makamu wake. Mmoja alitoka upinzani na mwingine chama tawala, lakini walizungumza kwa sauti moja.

Kwa wale waliokuwa wadogo wakati ule, tueleze kwa ufupi. Mwaka 1995 Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO, liliingia mkataba na kampuni ya IPTL ili izalishe umeme wa megawati 100 huko Tegeta, Dar es Salaam. Baadaye ukazuka mgogoro kuhusu kiasi ambacho TANESCO ilipaswa kulipa. Wakati mgogoro ukiendelea, ilifunguliwa mwaka 2006 akaunti maalumu katika Benki Kuu ili malipo yatunzwe humo hadi ukweli upatikane kuhusu nani anastahili nini. Hiyo ndiyo iliyoitwa Escrow. Mwishoni mwa 2013, kabla ya hesabu kati ya pande hizo mbili kupigwa upya kwa haki, fedha zile zilitolewa na kulipwa kampuni ya PAP ya Harbinder Singh Sethi, iliyodai kuinunua IPTL. Kamati ya Bunge, ikitegemea ukaguzi maalumu wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu pamoja na uchunguzi wa TAKUKURU, ilitaja kiasi cha zaidi ya shilingi bilioni 300.

Mwenye asilimia 30 ya hisa za IPTL, mfanyabiashara James Rugemalira, aliziuza hisa zake kwa dola za Marekani milioni 75. Kutoka katika fedha hizo aligawa kiasi kwa watu mbalimbali, na majina yao yakasomwa bungeni. Profesa Anna Tibaijuka, aliyekuwa Waziri wa Ardhi na Mbunge wa Muleba Kusini, alitajwa kupokea shilingi bilioni 1.6, mwenyewe alieleza kwamba ulikuwa mchango kwa ajili ya shule. Andrew Chenge, Mbunge wa Bariadi Magharibi na Mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti, alitajwa kupokea kiasi kama hicho. William Ngeleja, Mbunge wa Sengerema aliyewahi kuwa Waziri wa Nishati na Madini, alitajwa kupokea shilingi milioni 40.4.

Tupime kidogo ukubwa wa shilingi bilioni 1.6. Mkulima wa Bahi au Chamwino akiweza kuweka akiba ya shilingi elfu moja kila siku, bila kuruka hata siku moja, angehitaji zaidi ya miaka 4,300 kuzifikisha. Angepaswa kuanza kuweka kabla Abrahamu hajaitwa kutoka Uru ya Wakaldayo.

Tarehe 29 Novemba Bunge lilipitisha maazimio. Desemba 2014 Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji Frederick Werema, alijiuzulu. Rais Jakaya Kikwete akamwondoa Profesa Tibaijuka katika uwaziri. Januari 2015 Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, naye akaachia ngazi. Wenyeviti wa kamati waliotajwa waliacha nafasi zao. Wahisani walikuwa wamesitisha kwa muda sehemu ya fedha walizokuwa wakichangia katika bajeti ya nchi, fedha ambazo mwisho wake hugeuka dawa, madawati na mishahara ya walimu.

Haki inatudai tuseme na haya. Kutajwa katika taarifa ya kamati si sawa na kutiwa hatiani na mahakama. Sethi na Rugemalira walifikishwa mahakamani Juni 2017 na kukaa mahabusu miaka kadhaa. Mwaka 2021 Sethi aliachiwa baada ya makubaliano na waendesha mashtaka yaliyomtaka alipe fedha, na Rugemalira akaachiwa mwaka huo huo baada ya Serikali kuondoa mashtaka dhidi yake. Kanisa hufundisha kwamba jina jema la mtu ni mali yake, na mwenye kulichafua bila haki anavunja amri ya nane wakati akijidai kuitetea ya saba.

Ukame wa Mtera na giza la mikataba

Wengi hujiuliza: kwa nini kashfa kubwa za nchi yetu zimeota mara nyingi kwenye umeme? Jibu la sehemu tunalo sisi wenyewe wa nyanda za kati. Bwawa la Mtera, lililo mpakani mwa Dodoma na Iringa, kwa miaka mingi limekuwa tegemeo la umeme wa maji nchini. Mvua zikikosekana, sisi tunaona mtama ukinyauka, na wakati huo huo kina cha Mtera kinashuka na Taifa zima linaingia katika mgawo wa umeme. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2006. Giza likaleta haraka, na haraka ikaleta mkataba wa dharura wa Richmond, kampuni iliyopewa kazi ya kuzalisha megawati 100 bila kuwa na uwezo huo.

Februari 2008, Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ilisoma taarifa yake hapa Dodoma. Tarehe 7 Februari Waziri Mkuu Edward Lowassa alitangaza kujiuzulu mbele ya Bunge. Mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha walijiuzulu pia, na Baraza la Mawaziri likavunjwa. Marehemu Lowassa alikana kufaidika na mkataba ule, wala hakuwahi kushtakiwa mahakamani kwa jambo hilo.

Tunaligusa hili kwa sababu linatufundisha namna ufisadi unavyofanya kazi. Mara nyingi haungoji nyakati za neema. Unakuja siku ya shida, wakati watu wanataka msaada upesi na yeyote anayeuliza maswali anaonekana adui wa maendeleo. Njaa inapokuja, mahindi ya msaada hugawiwa bila orodha. Kipindupindu kinapokuja, manunuzi hufanywa bila zabuni. Dharura ni ya kweli, na mateso ya watu ni ya kweli. Lakini ndiyo sababu fedha ya dharura inadai uangalifu mkubwa kuliko fedha nyingine yoyote. Anayeiba fedha ya mtu aliyeshiba amemwibia. Anayeiba fedha ya mwenye njaa amehatarisha uhai wake.

Waliorudi bungeni

Sasa tufike mahali panapouma. Oktoba 2015, miezi kumi na moja baada ya majina kusomwa bungeni, wananchi walipiga kura. Profesa Tibaijuka, Chenge na Ngeleja, wote watatu walirudi bungeni. Katika Bunge lililofuata Chenge aliketi pia katika kiti cha Mwenyekiti wa Bunge, akiongoza vikao. Huyu ndiye yule aliyejiuzulu uwaziri mwaka 2008 kufuatia uchunguzi kuhusu ununuzi wa rada, na aliyeiachia lugha yetu neno «vijisenti» alipozungumzia fedha zake zilizokutwa nje ya nchi, zaidi ya dola milioni moja. Hakutiwa hatiani na mahakama yoyote katika jambo la rada.

Hatusemi haya ili kuwadhihaki wapigakura wa majimbo hayo. Walikuwa na haki yao, na mbunge hupimwa kwa mambo mengi. Lakini tunapaswa kuuliza: kwa nini jambo lililolitikisa Taifa lilionekana dogo katika majimbo husika? Tunadhani jibu ni hili. Kwa wengi wetu, mbunge mwema ni yule anayetoa. Anatoa mabati, anatoa jezi, anatoa jeneza kwenye msiba, anatoa kilo za sukari kwenye sikukuu. Hatuulizi anatoa wapi. Yule anayesoma taarifa za ukaguzi usiku kucha na kuuliza maswali magumu katika kamati, tunamwona mkavu, hana mkono wa kutoa. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Wakasema pia penye udhia penyeza rupia. Lugha yetu ina hekima nyingi, lakini methali hizi mbili zimetumika muda mrefu mno kama leseni.

Nchi yetu iliwahi hata kuuweka ukarimu wa namna hii katika sheria. Marekebisho ya Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu kile kilichoitwa takrima, mgombea akiwakirimu wapigakura kwa desturi za ukarimu. Mashirika ya kiraia yalikwenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, kwa kuwa vinampa mwenye fedha nafasi ambayo maskini hana. Ikafuata Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010. Sheria ipo. Hata hivyo, kila mmoja wetu anajua yanayoendelea usiku wa kuamkia kura za maoni, na anajua kwa nini wajumbe wachache wenye kupiga kura hizo huwa na wageni wengi majuma hayo.

Hesabu yake ni nyepesi. Mgombea aliyetumia mamilioni kuwanunua wajumbe ameingia bungeni na deni. Atalilipaje? Mshahara hautoshi. Atatafuta zabuni kwa jina la ndugu, atalainisha swali lake katika kamati ili mkurugenzi asiumbuke, atapokea bahasha ya mfanyabiashara mwenye shauri mbele ya Serikali. Kwa hiyo elfu kumi tuliyopokea usiku ule tumeilipa wenyewe mara nyingi: kwa zahanati isiyo na dawa, kwa kisima kilichochimbwa kwenye makaratasi, kwa barabara iliyokatika baada ya masika moja. Mla cha mwenzie na chake huliwa.

Bahasha katika harambee ya parokia

Hapa tungependa kunyamaza, lakini ukweli hautaturuhusu. Majina yaliyosomwa bungeni Novemba 2014 hayakuwa ya wanasiasa peke yao. Walikuwamo viongozi wa dini, na miongoni mwao viongozi wa Kanisa letu Katoliki. Na fedha zile zilipitia katika benki iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki nchini ili kuwainua wenye kipato cha chini. Hakuna mahakama iliyowatia hatiani viongozi hao wa Kanisa, na aliyegawa fedha alijulikana kwa miaka mingi kama mtu anayesaidia kazi za dini. Lakini waamini wengi walihuzunika, na huzuni yao ilikuwa ya haki. Kanisa lenye sauti ya kinabii linahitaji mikono ambayo haiwezi kuulizwa.

Tuache sakata kubwa, turudi kwenye vigango vyetu. Tunajenga kanisa, nyumba ya masista, kituo cha afya. Waamini wetu ni wakulima wa alizeti na wafugaji. Mwaka wa ukame zaka hupungua. Kamati ya ujenzi inakaa na kusema: tumwite mheshimiwa awe mgeni rasmi. Anakuja na msafara, anakalishwa mbele, bahasha inafunguliwa, kiasi kinatangazwa kwenye kipaza sauti, akina mama wanapiga vigelegele. Yule mjane aliyeleta debe la mtama hakutajwa. Mwaka unaofuata ni wa uchaguzi, na paroko anajikuta na deni la shukrani ambalo hakuliandika popote.

Je, ni dhambi mbunge kuchangia Kanisa? Hapana. Mbunge Mkatoliki ana wajibu wa kulitegemeza Kanisa kama mwamini mwingine yeyote, kadiri ya uwezo wake. Swali ni je, tunampa nafasi ya kutoa kama mwamini, kimya kimya, katika kapu lile lile la mjane, au tunamuuzia jukwaa? Na je, tunao ujasiri wa kukataa fedha tunapojua kwamba chanzo chake hakieleweki? Matofali yaliyonunuliwa kwa fedha ya dawa za wagonjwa hayawezi kumsifu Mungu, hata yakipangwa kwa ustadi namna gani.

Samueli mbele ya taifa, Zakayo mbele ya meza

Maandiko Matakatifu hayazungumzi juu ya rushwa kwa mafumbo. Kitabu cha Kutoka (23:8) kinaionya Israeli isipokee rushwa, kwa maana inawapofusha wenye kuona. Lakini tunapenda kuyatafakari zaidi maisha ya nabii Samueli. Wanawe aliowaweka kuwa waamuzi walipotoka, wakafuata faida na kupokea rushwa (1 Sam 8:1-3), na kosa lao likaleta machafuko ya kisiasa katika taifa zima. Baadaye Samueli, akiwa mzee mwenye mvi, alisimama mbele ya watu wote akawataka waseme hadharani: amechukua ng'ombe wa nani, punda wa nani, amemdhulumu nani, amepokea rushwa mkononi mwa nani (1 Sam 12:1-5). Hakungoja kuchunguzwa. Aliomba kukaguliwa, na akaahidi kurudisha kama lipo la kurudisha.

Hapo tunaona kwamba ukaguzi si tusi kwa kiongozi. Mwaka 2019 Taifa letu lilishuhudia mvutano mkubwa katika jambo hili. Profesa Mussa Assad, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wakati huo, alikuwa amesema katika mahojiano kwamba Bunge ni dhaifu katika kuzifanyia kazi taarifa za ukaguzi. Spika wa wakati huo, marehemu Job Ndugai, Mbunge wa Kongwa na jirani yetu hapa, aliliona neno hilo kuwa dharau kwa mhimili aliouongoza, na Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi na Profesa Assad. Novemba mwaka huo akateuliwa mkaguzi mwingine. Desemba 2022 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kuondolewa kwake hakukuendana na Katiba. Heshima ya Bunge ni jambo jema, nasi tunaithamini. Ila heshima ya Samueli ilitokana na kukubali kuulizwa.

Mafundisho Jamii ya Kanisa yanauhesabu ufisadi wa kisiasa kati ya maovu makubwa yanayoharibu demokrasia, kwa sababu unavunja maadili na haki ya kijamii kwa mkupuo mmoja (Muhtasari wa Mafundisho Jamii ya Kanisa, na. 411). Katekisimu ya Kanisa Katoliki (na. 2409) inauweka chini ya amri ya saba: usiibe. Na Baba Mtakatifu Francisko, alipokutana na vijana wa Kenya katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, Novemba 2015, aliufananisha ufisadi na sukari: ni tamu, inazoeleka, na mwisho wake mwili mzima wa nchi unaugua.

Lakini Katekisimu inaongeza jambo tunalolisahau mara nyingi (na. 2412): aliyechukua mali isiyo yake anadaiwa kuirudisha. Inamtaja Zakayo. Mtoza ushuru huyu hakuishia kulia machozi mbele ya Yesu. Alisimama, akataja kiasi: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu (Lk 19:8). Wongofu wake ulikuwa na tarakimu. Anayekwenda kwenye kitubio akiwa na fedha ya umma mfukoni, na kurudi nyumbani akiwa nayo bado, hajamaliza safari.

Katika historia yetu kuna mifano michache ya kurudisha. Mwaka 2017 Ngeleja alitangaza kuzirudisha serikalini zile shilingi milioni 40.4, ilikuwa miaka mitatu baadaye, lakini alirudisha, na hilo tulitambue. Katika sakata la rada iliyouzwa kwetu na kampuni ya Uingereza ya BAE, kampuni hiyo ilikiri mahakamani London kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu, ikalipa takribani pauni milioni 29.5 kwa ajili ya Watanzania. Wananchi wakaziita «chenji ya rada», zikanunua vitabu na madawati kwa shule za msingi. Mtoto aliyefungua kitabu kile aliona kwa macho yake kwamba fedha iliyopotea inaweza kurudi.

Tufanye nini basi?

Kwanza, tuhudhurie mkutano mkuu wa kijiji. Sheria inautaka ufanyike kila baada ya miezi mitatu, na hapo mapato na matumizi husomwa. Mara ngapi tumeacha viti vitupu, kisha tukalalamika kilabuni? Asiyekuwepo na lake halipo. WAWATA, UWAKA na VIWAWA katika kila kigango wanaweza kukumbushana tarehe, wakaenda pamoja na kuuliza kwa adabu.

Pili, tuulize juu ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Kamati yake huongozwa na mbunge mwenyewe. Fedha hizo ni za wananchi; mabati yaliyonunuliwa kwa mfuko huo si zawadi ya mheshimiwa. Vivyo hivyo mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo Serikali iliisitisha mwaka 2023 ili kuupanga upya utaratibu wake baada ya ukaguzi kuonyesha kasoro nyingi. Kikundi hewa hakizaliwi bila mtu wa mtaani kwetu kukitia saini.

Tatu, kamati za fedha za parokia zianze na nyumba yao. Hesabu za parokia zisomwe kanisani kila wakati uliopangwa, risiti zitunzwe, na michango ya wenye vyeo ipokelewe bila jukwaa, hasa mwaka wa uchaguzi. Tukiishi hivyo, siku mapadre wetu watakapohubiri juu ya mali ya umma, hakuna atakayewanong'oneza.

Nne, kwa ninyi ndugu zetu mnaotuwakilisha, mnaosali pamoja nasi Jumapili: tunawaombea kwa moyo. Tunajua mzigo mnaobebeshwa, simu za usiku za misiba na ada, na jinsi sisi wenyewe tunavyowadai mtoe msichokuwa nacho. Tunawaomba radhi kwa hilo. Lakini tunawaomba pia msimame siku moja kama Samueli, kila mmoja katika jimbo lake, mkawaulize wapigakura wenu: ng'ombe wa nani nimemchukua?

Na sisi tuliobaki tujiandae kwa siku hiyo, maana wapo watakaotujibu kwa swali lao: na ile elfu kumi ya usiku wa kura za maoni, mliipeleka wapi?

Mama Bikira Maria, uliyeimba kwamba Mungu huwakweza wanyonge na kuwashibisha wenye njaa, utuombee.